Kliniki ya macho kwa wenye sukari, Unguja: matibabu mazuri, tarehe ndiyo mtihani

Mimi ndiye ninayempeleka mama kliniki ya macho Unguja, tukitokea Wete. Sukari anayo miaka mingi na imeshaingia machoni. Nimechoka kusikia kwamba wagonjwa wa Pemba wanapuuza tarehe zao.

Matibabu yenyewe sina la kulaumu. Mgonjwa husomeshwa herufi ukutani, hutiwa matone ya kutanua mboni, kisha daktari humwangalia nyuma ya jicho. Wahudumu wana heshima. Foleni ndefu, kwa hiyo chukueni chakula. Mwenye sukari hakai na njaa.

Matone yale ndiyo yanayolazimisha kusafiri watu wawili. Kwa saa kadhaa mgonjwa haoni sawasawa na jua linamchoma macho, basi lazima awe na wa kumshika mkono. Nauli ni mara mbili: gari mpaka bandarini Mkoani, boti, gari tena. Tena kliniki ni ya asubuhi, lazima mlale Unguja. Sisi tuna shangazi anayekaa Amani, huko huko Unguja. Asiye na jamaa je? Na tarehe ya kwenye kadi haijui kama karafuu zimo majamvini au kama upepo wa kusi umechafua bahari.

Lakini kilichotaka kumkatisha mama si nauli, ni leza, yale matibabu ya mwanga mkali nyuma ya jicho. Jirani yetu alitolewa mtoto wa jicho, bandeji ilipofunguliwa akaona. Mama naye akangoja vivyo hivyo. Wapi! "Wamenichoma macho na sioni tofauti," akasema, na tarehe iliyofuata akagoma. Nilimbembeleza mpaka akakubali, na safari hiyo ndipo muuguzi mmoja alipokaa naye: "Mama, leza hairudishi uoni uliokwisha potea. Inazuia mishipa mibovu ya damu isikumalizie huu uliobaki." Mama akauliza mbona hakuambiwa mwanzo. Hata mimi nauliza hivyo hivyo. Maneno hayo yangesemwa kabla ya leza ya kwanza, kwa sababu mtu anayedhani dawa imeshindwa hana sababu ya kupanda boti tena.

Wengine kinyume chake: wanaona vizuri, wanasoma Msahafu bila miwani, wanaambiwa jicho limeharibika. Ugonjwa huu mwanzoni hauumi wala haupunguzi uoni. Nani ataacha kibarua chake kwa jicho linaloona?

Matibabu nayapa nyota nne kati ya tano. Upangaji wa tarehe, mbili. Ya pili nimeiongeza kwa sababu nilipomwomba karani atuwekee kliniki ya macho na ya sukari ndani ya wiki ile ile, baada ya mchumo wa karafuu, alibadilisha pale pale na kuandika namba yangu ya simu badala ya ya mama, ambayo haishiki chaji. Kumbe inawezekana, ila hakuna tangazo. Ombeni dirishani kabla hamjaondoka, na miwani ya jua msisahau.