Masomo ya Kiingereza ya jioni, Busia: neno "void" nimelielewa hapa

Mwaka jana nilinunua vitenge vya shilingi 180,000. Risiti niliyopewa ilikuwa imeandikwa VOID kwa wino mwekundu, kutoka pembe hadi pembe. Nikadhani ni alama ya kuonyesha nimelipa. Vitenge viwili vikatoka na matundu, nikarudi navyo, mwenye duka akanijibu risiti hiyo ilishafutwa, haibadilishi kitu. Niliumia sana. Ndiyo maana nilijiandikisha kwa mwalimu huyu wa Jumatano na Jumamosi, saa kumi na moja jioni, kwenye chumba kilicho nyuma ya mashine ya kusaga. Ada ni shilingi 5,000 kwa kipindi.

Kipindi cha nne ndicho kilichonifanya niandike haya. Aliweka mezani kopo la majani ya chai lililokwisha, ufunguo wa chumba cha kupanga ambacho hakijapata mtu, karatasi isiyoandikwa, na risiti iliyofutwa. Akauliza kila kimoja tutasemaje. Sote, waendesha boda, mama wauza samaki na mimi, tukaimba "empty", yaani tupu, mara nne. Akakubali kopo tu. Chumba ni "vacant", neno lile lile lililo kwenye milango ya vyoo vya ndege. Karatasi ni "blank", limetokana na Kifaransa blanc, yaani nyeupe. Risiti akaiinua juu: imejaa maandishi, bei, tarehe, sahihi, na bado ni "void". Kisha akaandika ubaoni kwa herufi kubwa: BATILI. Neno hilo nalijua tangu utotoni, ndoa batili, kura batili, ila hakuna aliyewahi kuniwekea haya mawili bega kwa bega.

Mzee mmoja wa forodha akakumbusha tarehe 1 Septemba 2017, Mahakama ya Juu ya Kenya ilipotangaza uchaguzi wa rais kuwa "invalid, null and void". Hapa mpakani mwa Kenya na Uganda tuliisikia redioni. Mwalimu akafafanua: la kwanza, halina nguvu, "null" ni Kilatini, hakuna hata kimoja, na Kiingereza cha sheria kina mazoea ya kurundika maneno yanayokaribiana ili mtu asipate mwanya. Kisha "invalid" tena! Ukikaza sauti katikati, ni batili. Ukikaza mwanzo, ni mgonjwa asiyejiweza. Sisi Waswahili tunakaza silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo la kwanza tunalipata bila jasho, la pili likatutoa jasho jioni nzima.

Sikupenda alivyopita haraka kwenye "voidable". Ni neno lililomo katika Sheria ya Mikataba ya Uganda ya 2010, mkataba unaoendelea kufunga mpaka mwenye haki ya kuuvunja auvunje, na sisi wapangaji tunalihitaji kuliko "vacant". Aliahidi kulirudia. Karatasi za mazoezi nazo zinalipiwa kando, 500 kila moja, jambo ambalo angelisema siku ya kujiandikisha.

Kaeni mbele. Mashine ikianza kusaga mahindi, walio nyuma hawasikii. Jumamosi iliyopita nilinunua sufuria, nikaisoma risiti mstari kwa mstari papo hapo kaunta, muuzaji akisubiri.