Mwongozo wa Matengenezo ya Massey Ferguson 135 kwa Anayeanza Ufundi

Nilinunua nakala ya mwongozo huu katika duka la vipuri mjini Tanga, baada ya trekta la shamba letu la michungwa huko Muheza, la aina hii ya Massey Ferguson 135 iliyoanza kuundwa mwaka 1964, kugoma kuwaka. Sura ya mfumo wa dizeli ndiyo yenye thamani kubwa kwa anayeanza, kwani inaonyesha kwa michoro, hatua kwa hatua, jinsi ya kutoa hewa iliyonaswa kwenye njia ya mafuta, kuanzia kwenye chujio hadi kwenye pampu na nozeli (zinazonyunyizia dizeli ndani ya silinda), na inaeleza kuwa injini ya Perkins yenye silinda 3 huwaka kwa mpangilio wa 1-2-3. Michoro ya haidroliki (mfumo wa kuinua vifaa kwa shinikizo la mafuta) imefifia katika nakala yangu, jambo linalosikitisha sana. Ningeununua tena kabla ya spana yoyote.