Kasha la DVD la "I Love Lucy": mimi nilianza na msimu wa pili

Mimi ni mshereheshaji wa harusi. Mwaka jana, tumbo lilipoanza kuonekana, wateja wawili walighairi. Mmoja alinieleza bila kuficha kwamba hapendi picha za harusi ya binti yake ziwe na MC mjamzito. Nilikaa nyumbani wiki nzima nikilia. Ndipo dada yangu akaniletea kasha la DVD la vipindi vyote vya "I Love Lucy", vichekesho vya runinga vya Marekani vya miaka ya 1950 ambamo Lucille Ball anaigiza kama Lucy, akaniambia nisianzie mwanzo, niweke msimu wa pili.

Msimu huo unafunguliwa na kile kipindi cha kiwanda cha chokoleti, Lucy na rafiki yake Ethel wakizidiwa na mkanda unaoleta chokoleti, wakazijaza chokoleti mdomoni, kofiani na kifuani. Nilicheka hadi mtoto akanipiga teke. Lakini dada yangu alikuwa na lake jambo. Alitaka nifike kwenye kipindi cha tarehe 8 Desemba 1952.

Lucille alikuwa na miaka 41 na mja mzito kweli. Wakubwa wa runinga na mdhamini, kampuni ya sigara, walifikiria kumficha nyuma ya viti na meza. Mumewe Desi Arnaz, aliyeigiza kama mumewe Ricky, akakataa. Wakakubaliana tumbo lionekane, ila neno lenyewe la Kiingereza la ujauzito lisitamkwe, na kila mswada upitiwe na padri, mchungaji na rabi. Hilo halikunishangaza sana. Hata sisi neno "mimba" tunalikwepa mbele ya wakwe, tunasema mama ni mzito.

Katika kipindi hicho Lucy anahangaika siku nzima kumpasha mumewe habari na hapati nafasi. Usiku anakwenda klabuni anakoimba Ricky, anampelekea kikaratasi kisicho na jina. Ricky anapita meza moja baada ya nyingine akimtafuta mwenye habari njema, mpaka anamfikia mkewe. Wote wawili wanalia, na machozi yale hayakuwemo kwenye mswada. Mwongozaji alifikiri warudie, mwisho wakaacha vilevile. Nimelirudia tukio hilo labda mara kumi.

Tarehe 19 Januari 1953 Lucille alijifungua mtoto wa kiume kwa upasuaji, na usiku huohuo Lucy wa kwenye runinga naye akajifungua. Watazamaji walikuwa kama milioni 44. Kesho yake Rais Eisenhower aliapishwa, akatazamwa na watu kama milioni 29.

Picha ni safi kupita nilivyotegemea kwa kitu cha mwaka 1951. Sababu yake naipenda. Vipindi vingi vya Marekani wakati ule vilirushwa moja kwa moja kutoka New York, na nakala zilizobaki zina ukungu. Lucille na Desi walitaka kubaki Hollywood, kwa hiyo wakapiga kwa filamu ya milimita 35, kamera tatu kwa pamoja, mbele ya watazamaji waliokaa ukumbini. Gharama ikapanda. Wakakubali kukatwa dola 1,000 za malipo yao kwa wiki, na badala yake vipindi vikawa mali yao. Bibi yule aliyewahi kuambiwa na shule ya uigizaji kwamba hana kipaji, ambaye filamu hazikumpa jina kubwa mpaka anafika miaka 40, mwaka 1962 alinunua hisa za Desi akawa mkuu wa studio yao nzima.

Dosari? Hakuna maandishi ya Kiswahili, na mama yangu ilibidi nimtafsirie, ingawa kwenye chokoleti hakuhitaji msaada wowote. Na vile vipindi vya saa nzima vya mwishoni, vilivyotengenezwa kuanzia mwaka 1957 na kuwekwa pia kwenye kasha, vimejaa wageni mashuhuri na Lucy mwenyewe anabanwa. Cha mwisho kabisa sikiangalii tena. Walikimaliza tarehe 2 Machi 1960, kina busu la Lucille na Desi, na kesho yake Lucille alipeleka maombi ya talaka mahakamani.

Nunueni kasha zima, msitafute vipande vya dakika mbili kwenye simu, kwa sababu kicheko cha Lucy hupikwa polepole kuanzia dakika ya kwanza. Tena ongezeni sauti. Mama yake Lucille, DeDe, alikuwa akikaa miongoni mwa watazamaji wakati wa kurekodi, na katikati ya vicheko mara nyingine husikika mwanamke akiguna "oh-oh" kabla mambo hayajaharibika. Ni yeye. Mama yangu sasa humsubiri, na akimsikia humwitikia.