Svalbard: nililipia dubu, nikaridhishwa na ndege (nyota nne kati ya tano)

Nianze na aibu. Shemeji yangu alikuja kutoka Dar na viza ya Schengen (ile moja ya nchi nyingi za Ulaya) ya kuingia mara moja, na hakuna hata mmoja wetu aliyeisoma. Visiwa vya Svalbard ni vya Norwei lakini viko nje ya Schengen: ukipanda ndege Oslo umeshatoka, na kurudi ni kuingia upya. Tuligundua usiku wa kuamkia safari. Tukamwacha Oslo siku tisa, anakula samoni na kutulaumu kwa WhatsApp. Mwenye pasi yetu aombe viza ya kuingia mara mbili au zaidi, hata akiambiwa visiwani kwenyewe hawadai viza. Kweli hawadai, ila kwa kawaida huko hufiki bila kupita Norwei.

Tulipanda meli Longyearbyen, nyuzi 78 kaskazini, mwisho wa Julai 2025. Kwenye kipeperushi cha kampuni dubu mweupe amejaa ukurasa mzima, unaona hadi unyevu wa pua. Sisi tulipata mmoja, nukta ya rangi ya siagi juu ya barafu. Bila darubini ningesema ni jiwe. Nahodha hana kosa. Tangu Januari mwaka huo sheria inataka mkae mita 300 au zaidi kutoka kwa dubu, na 500 kuanzia Machi hadi Juni. Naiunga mkono. Lakini basi wabadilishe picha! Nyota moja nimeikata hapo.

Pesa yangu ilirudi siku ya nne, chini ya Alkefjellet. Ni ukuta wa mwamba mweusi uliosimama wima baharini, zaidi ya mita 100, na kila ukingo mdogo umejaa ndege weusi wenye vifua vyeupe, kama jozi 60,000, wamebanana kuliko abiria wa Mbagala saa kumi na mbili jioni. Hawajengi kiota. Yai moja tu, juu ya jiwe tupu. Kelele zake ni Kariakoo mkesha wa Idi, na harufu ni ya banda la kuku lililosahaulika. Makinda walikuwa wanajirusha baharini kabla mbawa hazijakomaa, baba akishuka nao sambamba. Wengine waliangukia kwenye mawe, na mbweha alikuwa akizunguka pale chini, hana haraka. Boti yetu ya mpira ilinyamaza kimya. Nilipokumbuka kamera, vidole vilikuwa vimeshaganda.

Walarasi, wale wanyama wakubwa wa baharini wenye meno marefu, tuliwanusa kabla ya kuwaona. Buabua nao, ndugu wa hawa wetu wa pwani ya Tanga, ila hawa husafiri hadi Antaktika kila mwaka, walinidonoa kofia mara mbili kwa kusogelea viota. Kiongozi akanifundisha kuinua fimbo juu ya kichwa, kwa kuwa hushambulia kilicho juu zaidi. Waongozaji hushuka na bunduki kwa ajili ya dubu. Unazoea.

Mabuti ya kuazima yalinizidi namba mbili, kwa hiyo beba soksi nene za sufu. Jua halizami kabisa, Magharibi na Isha nilizisali kwa saa za Oslo. Chakula melini kingi na kizuri, lakini pilipili hamna. Beba yako.