Bomba la sindano la kioo, mikrolita 50
Kwa kupima dozi ya kuchoma ndani ya uvimbe wa ini la panya wa majaribio, bomba hili linalishinda la plastiki la mililita 1: mistari yake inaonyesha kila mikrolita 1 (sehemu ya elfu ya mililita). Kosa kubwa hutokea mkononi. Ukisukuma haraka, dawa hurudi nje kupitia tundu lililotobolewa na sindano; mikrolita 10 zikivuja kati ya 50, asilimia 20 ya dozi imepotea na matokeo yako hayana maana. Sukuma mikrolita 10 kwa dakika, acha sindano ndani dakika 2, ndipo uichomoe polepole na kukandamiza tundu kwa pamba. Sindano ya geji 30 (geji ni kipimo cha unene; namba kubwa, sindano nyembamba) huzibwa na dawa nzito; geji 27 haizibi kirahisi, ila huacha tundu kubwa. Pistoni isiposafishwa papo hapo hukwama.