Baa ya Kando ya Mto Pangani: Nenda Wakati wa Bamvua

Tangu mwezi wa Juni nimekwenda mara tatu katika baa moja iliyopo kando ya Mto Pangani, mjini Pangani, mkoani kwetu Tanga, na nimeona ni haki nieleze nilivyohudumiwa, kwa sababu mara mbili niliondoka nikiwa nimefurahi kuliko nilivyotarajia, na mara moja niliondoka na hasira. Sitaitaja kwa jina, kwa kuwa yaliyonikera nimemweleza msimamizi wake mwenyewe na mojawapo amekwisha kulirekebisha.

Kutoka Tanga mjini ni mwendo wa takriban kilomita 50. Baa yenyewe ni banda kubwa la makuti juu ya sakafu ya saruji. Kaunta ipo upande wa barabara, na meza kama 15 zimepangwa kuelekea mtoni, safu ya mwisho ikiwa karibu na maji kiasi kwamba kizibo cha chupa kikianguka hubingirika hadi ukingoni. Ng'ambo ni Bweni, na katikati hupita pantoni ikivusha watu, pikipiki na magari, na wanaosubiri zamu ya kuvuka ndio wateja wa soda na vitafunwa kwa sehemu kubwa ya mchana.

Kabla ya kupanga safari, mgeni autazame mwezi. Wakati wa bamvua, yaani mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, maji katika pwani yetu hujaa karibu saa 10 alasiri, na tofauti kati ya kujaa na kupwa hufika mita 3 na zaidi. Kwa hiyo aliyeketi tangu saa 8 atauona mto ukipanda mbele ya macho yake, na mashua za wavuvi zilizokuwa zikisubiri nje zikiingia moja moja, kwa kuwa mlangoni mwa mto pana fungu la mchanga ambalo hazilivuki kwa urahisi maji yakiwa machache. Wakati wa maji mafu, yaani mwezi unapokuwa nusu, mambo hugeuka, kwani saa hizo hizo za alasiri maji huwa yamekupwa, na mgeni hulipa bei ile ile kutazama tope. Ziara yangu ya kwanza iliangukia bamvua kwa bahati; ya tatu niliipanga.

Siku hiyo ya kwanza nilikuwa na mke wangu, ambaye hatumii kileo, na nakiri kwamba nilikuwa na wasiwasi atakavyopokelewa, maana katika baa nyingi anayeagiza soda huhesabiwa kuwa ameichukua nafasi ya mteja. Binti aliyetuhudumia alitusalimu, "Shikamoo baba, shikamoo mama, karibuni," kisha akaanza kumsikiliza mke wangu kabla yangu. Alimletea dafu lililokatwa pale pale mbele yetu, na alipoliona limekaribia kwisha akarudi kuuliza kama alipasue ili mama ale na nyama yake. Mimi aliniuliza kama bia yangu naitaka ya moto au ya baridi, na niliposema ya baridi akaleta iliyo baridi kweli, akaifungua mezani nikiona.

Samaki ndiyo sifa kubwa ya mahali hapa. Hakuna orodha ya bei ukutani. Mhudumu huleta beseni lenye samaki wa siku hiyo, mteja huchagua, samaki hupimwa kwenye mizani mbele yake, na bei hutajwa kabla hajapelekwa jikoni. "Huyu changu ana kilo moja na robo, mama, ni shilingi 15,000 pamoja na kachumbari na ndizi. Akaangwe au apakwe?" Tulimtaka wa kupaka. Mzee anayechoma alimkata chale tatu kila upande, akamsugua kwa chumvi, ndimu, kitunguu saumu na tangawizi, akamlaza juu ya mkaa uliokwisha kufifia, na alipokaribia kuiva akaanza kumpaka tui zito lililochanganywa na pilipili, tabaka juu ya tabaka, akisubiri kila tabaka likauke ndipo aongeze lingine. Tulingoja dakika 50. Sikuzihesabu kuwa kosa, kwa sababu tuliambiwa mapema zitakuwa nyingi, na kwa sababu samaki aliyefika mezani ngozi yake ilikuwa kavu na nyama yake bado ina maji, jambo ambalo halipatikani kwa haraka.

Ziara ya pili ilikuwa Jumamosi usiku, na hapo ndipo nilipokereka. Spika mbili kubwa zilikuwa zimewekwa ukingoni zikitazama meza, jenereta likinguruma nyuma ya jiko, na muziki ulikuwa wa juu kiasi kwamba mhudumu alilazimika kuinama sikioni mwangu ili nimsikie. Sina ugomvi na muziki, na najua vijana hutoka mbali siku hiyo kwa ajili ya kucheza, lakini spika zingeweza kugeuzwa zitazame ukumbi na si mto, ili anayetaka kucheza acheze na anayetaka kuketi karibu na maji aweze kuzungumza na mwenzake.

Zaidi ya muziki, bili haikuwa sahihi. Kwa desturi ya baa zetu chupa tupu huachwa mezani, au katika kreti kando ya meza, ili mwishoni mteja na mhudumu wahesabu pamoja. Usiku ule chupa ziliondolewa kila zilipokwisha, na bili ilipoletwa ilikuwa na bia 9 wakati mimi na mwenzangu tulikunywa 6. Tulibishana kwa karibu nusu saa. Msimamizi alisimama upande wa mhudumu wake hadi mwenzangu alipomwomba alete karatasi ya kaunta, na humo ikaonekana kwamba bia 3 zilikuwa za meza ya jirani. Aliziondoa bila kuomba radhi, na kwangu hilo liliuma kuliko fedha zenyewe, kwa kuwa mtu mzima alikuwa amefanywa mwongo mbele ya watu. Siku mbili baadaye nilimpigia simu nikamweleza hivyo kwa utulivu. Alinisikiliza, akaomba radhi, na akasema kuanzia wiki hiyo kila meza itakuwa na kreti yake. Nilipokwenda mara ya tatu nilizikuta kreti.

Mara hiyo ya tatu tulikwenda na kaka yake mke wangu aliyekuja kutoka Moshi, tukaketi safu ya mwisho saa 8 mchana wakati maji yanapanda. Kumbi la nazi lilipita mbele yetu polepole likielekea bara, na shemeji akaliangalia kwa muda mrefu. "Shemeji, huu mto si unatoka kwetu? Mbona kumbi linarudi huko?" Nilifurahi kwamba ameliona mwenyewe. Ni kweli kwamba maji haya yanaanzia katika miteremko ya Kilimanjaro na Meru, yakapita Bwawa la Nyumba ya Mungu, yakaendesha mitambo ya umeme ya Hale na ya Maporomoko ya Pangani, hata yakafika hapa baada ya safari ya takriban kilomita 500. Lakini bahari inapojaa huyasukuma nyuma, na kwa saa kadhaa mto hutiririka kuelekea ulikotoka. Alishuka ngazi akachovya kidole, akaonja, akatikisa kichwa kwa ule uchumvi. Mzee wa samaki, aliyekuwa akitusikiliza, akaongeza kwamba kiangazi chumvi hupanda mbali zaidi kwa sababu maji mengi hutumika huko juu katika mashamba na mabwawa, na wakulima wa kando ya mto huumia.

Tukiwa bado katika mazungumzo hayo, kijana wa jikoni alitoka na ndoo akaimwaga mtoni, na ndani yake kulikuwa na miiba ya samaki, mirija na chupa tupu za maji ya kunywa. Kama maji yangekuwa yanakupwa, pengine taka zingekwenda baharini tusijue. Kwa kuwa yalikuwa yanajaa, zilipita mbele ya meza yetu moja baada ya nyingine, zikafuata njia ya lile kumbi kuelekea kwenye mikoko. Niliona aibu mbele ya mgeni wangu, na nikamwita msimamizi. Tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini na tumeizoea hali hiyo, kwa hiyo sioni ugumu wa kuwa na pipa moja la chupa nyuma ya jiko. Msimamizi alimtuma yule kijana na mtumbwi akaziokota zilizoonekana, lakini pipa sikuliona hadi tunaondoka. Mradi wa barabara ya kutoka Bagamoyo kupitia Saadani hadi Tanga una daraja la mita 525 juu ya mto huu huu, na wageni litakaowaleta watahitaji kuukuta mto ukiwa safi. Kwa sababu hiyo sitaacha kulisema jambo hili kila nitakapokwenda.

Mengine ni madogo. Vyoo ni visafi na vina maji, ila sabuni haikuwapo mara zote tatu. Mbu huanza saa 12 jioni. Wahudumu huwasha makumbi ya nazi kwenye vigae na moshi wake husaidia, lakini aliye na mtoto mchanga aje na chandarua au aondoke mapema. Malipo kwa simu yanapokelewa. Bia na soda bei yake ni ya kawaida ya mjini, na kamba walikuwa ghali bila kuwa wazuri kuliko wale wa sokoni.

Mwisho wa siku ile shemeji alihesabu chupa katika kreti pamoja na yule binti, zikapatana na bili, akamwachia chenji. Atarudi mwezi wa Desemba na watoto wake, na ameomba meza ile ile ya mwisho. Nimehifadhi namba ya simu ya kaunta, na tarehe nitaichagua baada ya kuona mwezi unaandama lini.