Kuchambua Seli za Damu ya Ng'ombe kwa Leza: Uzoefu Wangu

Katika utafiti wetu wa ndigana kali hapa Unguja tulihitaji seli T (seli za kinga za damu) za ndama za aina ya gama-delta, zenye alama ya WC1, yaani protini iliyo juu ya seli hizo, zikiwa hai na bila ya kuchanganyika na nyingine, ili tuzikuze na kuona zinavyoukabili ugonjwa huo unaoenezwa na kupe. Kwa hivyo tukalipia huduma ya maabara moja ya bara yenye mashine ya kuchambua seli kwa floresensi, yaani mng'ao wa rangi inapopigwa na mwanga.

Mashine yenyewe sina la kuilaumu. Seli zilizotiwa kingamwili yenye rangi (protini inayoshika alama ya seli) hupita moja moja mbele ya leza ya buluu ya nanomita 488, na iliyobeba rangi hung'aa kijani; kisha mkondo wa maji ya chumvi hukatika kuwa matone, na tone lenye seli inayotakiwa hutiwa chaji ya umeme na kuvutwa na sahani mbili hadi kwenye kichupa chake. Ni kama kuchambua karafuu na makonyo, ila hapa huchambuliwa maelfu kwa sekunde. Tulipozirejesha mashineni chache kati ya zilizochambuliwa ili kupima usafi, karibu zote zilikuwa za WC1. Kwa njia ya sumaku, tuliyoitumia zamani, hatukuwahi kupata usafi wa namna hiyo.

Tabu iko kabla ya mashine. Damu iliyotiwa heparini, dawa ya kuizuia isigande, husafiri kwa boti kutoka bandari ya Malindi hapa Unguja hadi Dar es Salaam, na safari ikichelewa seli hufa. Seli mfu hunasa kingamwili ovyo na kuonekana kana kwamba ndizo zitakiwazo, hivyo rangi ya propidiamu aiodaidi, ambayo huingia katika seli mfu pekee, si ya kuiacha. Tena seli mfu humwaga DNA inayozigandisha zilizo hai kuwa mabonge, na mdomo wa mashine wa mikroni 70 ukaziba. Sampuli yetu moja ilipotea hivyo mikononi mwa fundi ambaye hakuichuja. Siku hizi tunachuja wenyewe kwa kichujio cha mikroni 40 na kuongeza EDTA, kemikali inayozuia seli zisishikane.

Lililoniudhi zaidi ni kwamba maabara ile, kwa kuzoea damu ya binadamu, ilitupangia kingamwili za binadamu za CD4 (alama nyingine ya seli za kinga), ambazo nyingi hazishiki kabisa seli za ng'ombe. Baadhi za CD14, alama nyingine tena, hushika, kwa hivyo muhimu ni kuuliza jina la kloni, yaani ukoo wa seli uliotengeneza kingamwili hiyo. Za ng'ombe tuliziagiza nje, nazo zikatugharimu kuliko huduma yenyewe.

Anayetaka kuhesabu seli tu asilipie kuchambua. Saitomita ya kawaida, mashine inayopima na kuhesabu seli bila kuzitenga, inamtosha. Sisi tutarudi pale pale, kwa sharti kwamba watupe kipimo cha usafi cha kila kichupa, maana mara ya mwisho walitupa cha kimoja tu, na vilivyobaki tukalazimika kuvipima upya.